Muundi wa Kondoo na Moto Mdogo wa Juba

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, soko la Konyo Konyo mjini Juba huwa limekwisha jaa watu. Soko hilo haliko mbali na Mto Nile Mweupe, ambao katika sehemu hizi huitwa Bahr el Jebel, yaani mto wa mlima. Vitunguu na nyanya nyingi huletwa na malori kutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, yenye urefu wa kilomita 192 hivi, ambayo ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012. Nyama ni ya nchini. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Sudan Kusini hutembea masafa marefu kutafuta malisho na maji, na wengi wao hufika machinjioni wakiwa wamekwisha pevuka.

Hapo ndipo shida ya mpishi wa Juba inapoanzia. Mnyama aliyetembea sana huwa na misuli iliyofanya kazi, na msuli uliofanya kazi hufungwa kwa nyuzi nyeupe na kano nyingi. Kadiri umri unavyozidi, nyuzi hizo nazo huzidi kuwa ngumu. Zaidi ya hayo, nyama huuzwa siku ile ile mnyama alipochinjwa. Nyama huanza kukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na hulegea polepole ikiwa itatundikwa penye baridi kwa siku kadhaa. Katika mji ambao joto la mwezi Februari na Machi hukaribia au kupita nyuzi 38, na ambako umeme ni wa shida katika nyumba nyingi, nani ataitundika nyama kwa siku kadhaa? Basi huletwa nyumbani ingali imekakamaa, na kazi yote ya kuilainisha huachiwa sufuria.

Mwenye fedha hununua paja. Mwenye watoto wengi na fedha kidogo hutazama shingo, kidari na miundi, sehemu zenye mifupa na kano ambazo watu wengi huzipita. Katika Juba jambo hili si la mapishi tu. Tangu Mkataba wa Amani wa mwaka 2005, na tena baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai, 2011, jamaa wamekuwa wakirejea kutoka Khartoum, Kampala, Nairobi na kambi ya Kakuma. Vita vilivyozuka Sudan mwezi Aprili 2023 vikaleta wengine. Nyumba moja hulisha watu wa nyumba tatu. Mwaka 2024 watumishi wengi wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara, na mama aliyezoea kununua paja alilazimika kujifunza kupika shingo.

Kwa bahati njema, sehemu hizo ngumu ndizo zenye ladha kubwa kuliko zote, ila zidaiwe kwa upole. Zile nyuzi nyeupe zikikaa katika maji ya moto kwa muda mrefu huyeyuka na kuwa utelezi mzito, ule unaofanya midomo inatane mtu anywapo supu ya kongoro. Utelezi huo ndio unaoifanya nyama ionekane laini na mchuzi uwe mzito. Lakini kazi hiyo haiharakishwi kwa kuchochea moto. Maji yakitokota kwa nguvu hayaongezi joto lolote; yanazidi kukauka tu, na nyama hujikaza na kukamua maji yake. Mji wa Juba uko chini, kiasi cha meta 550 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka karibu na nyuzi 98. Nairobi, iliko juu zaidi, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Kwa hiyo mama aliyehama kutoka Nairobi asishangae akiona muundi unaiva Juba mapema kidogo kuliko alivyozoea.

Moto wenyewe ni wa makaa, na makaa ni fedha. Magunia huletwa mjini kutoka misitu iliyo kando ya barabara kuu, na kila mwaka wachomaji huenda mbali zaidi kuitafuta miti. Mtu angeweza kudhani kwamba nyama inayotaka saa tatu jikoni ni anasa isiyomfaa mtu maskini. Sivyo. Moto mkali wa saa moja na nusu hula makaa mengi kuliko moto mdogo wa saa tatu, na nyama hutoka ngumu vile vile. Mpishi hodari huacha sufuria ichemke mara moja, kisha huondoa zaidi ya nusu ya makaa na kuyazima kwa mchanga ili yatumike kesho, na yaliyobaki huyafunika kwa majivu. Kifuniko huwekewa jiwe ili mvuke usitoke. Maji yaonekane yakitikisika tu, Bwana mmoja asije akafunua kila dakika kutazama!

Chakula chenyewe huitwa mulah, yaani mchuzi mzito wa kulia kisra au asida. Kwa kilo moja na nusu ya miundi na shingo, iliyokatwa vipande vikubwa pamoja na mifupa, hutakiwa vitunguu vinne vikubwa. Nyama hukaangwa kwanza kwa mafuta kidogo hadi igeuke rangi pande zote, ikaondolewa, na vitunguu vikakaangwa katika mafuta hayo hayo, pole pole, mpaka viive kabisa. Nyama hurudishwa pamoja na kitunguu thaumu, giligilani iliyosagwa, pilipili manga, chumvi na maji ya kuifunika tu. Wako wanaosema kwamba chumvi ikitiwa mapema huikaza nyama. Maneno hayo hayana msingi, ila itiwe kidogo kwa kuwa mchuzi utapungua. Baada ya saa mbili na nusu hivi, uma ukiingia bila kusukumwa, hutiwa nyanya, na siagi ya karanga nusu kikombe iliyokorogwa kwa mchuzi wa moto. Karanga zikitiwa mapema hushika chini na kuungua. Mwisho kabisa, dakika kumi kabla ya kuepua, hunyunyizwa unga wa bamia kavu, uitwao waika, huku mchuzi ukipekechwa kwa kijiti cha mti kiitwacho mufraka.

Wapishi wengine hutia magadi kidogo, ambayo huko huitwa atruni. Hulainisha kweli, lakini yakizidi mchuzi huwa na ladha ya sabuni. Papai bichi lililokunwa, ambalo watu wa Pwani hulipaka mishkaki, linafaa kwa vipande vidogo vya kuchoma: kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, kwa muda wa saa moja. Halifiki ndani ya muundi mzima. Huufanya juu kuwa uji na ndani kubaki vile vile. Mwenye sufuria ya presha atamaliza kazi yote kwa dakika 50 hivi na kuokoa makaa mengi, na anayeweza kununua na anunue, ingawa mchuzi wake utataka kuachwa wazi jikoni kwa muda ili upungue.

Kisra hutengenezwa kwa unga wa mtama uliochachushwa, ukatandazwa mwembamba sana juu ya bamba la moto. Hukunjwa na kupangwa katika sinia, na mulah humiminwa juu yake au katikati. Watu hunawa, hukaa kulizunguka sinia, na hula kwa mkono wa kulia. Nyama ikiwa imeiva sawasawa, hakuna anayehitaji kisu. Huachana na mfupa ikiguswa kwa kipande cha kisra. Mkubwa wa nyumba huwagawia wageni kwanza. Mifupa ya miundi hubaki mwisho, nayo hupewa watoto, ambao huigonga juu ya jiwe nje ya mlango ili watoe uboho.