Swali Moja, Jambo Moja

Ndugu msomaji, leo natubu. Sikuiba wala sikupiga mtu. Nilipiga kura.

Ilikuwa mwaka 2022, niko mwaka wa tatu wa sheria hapa Dar es Salaam. Chuo kilikuwa kinatafuta mkurugenzi wa mafunzo ya uwakili wa mahakamani, yule wa kutufundisha kusimama mbele ya hakimu, kumhoji shahidi na kujenga hoja. Jopo la usaili lilikuwa na watu watano, mmoja wao mwakilishi wa wanafunzi. Ndiye mimi, na tai ya kuazima shingoni.

Washikaji bwenini walinituma neno moja tu: "Tuletee mtu wa makombe." Maana ukishinda mashindano ya mahakama za kuigiza, unapanda ndege bwana! Wapo wanaofika Washington kwenye Jessup, wapo wanaokwenda kwenye yale ya haki za binadamu ya Afrika yaliyoanza mwaka 1992. Nani hataki?

Wa kwanza aliingia na suti ya kijivu na Kiingereza cha kung'aa. Akataja nchi alizopeleka vijana wake, hata chai yangu ikapoa.

Wa pili alikuwa mama wa makamo, wakili wa miaka mingi katika mahakama za wilaya. Hakutaja kombe. Aliuliza: "Tangu mwaka 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Vijana wenu mnawafundisha kuhoji kwa lugha gani?"

Kimya. Sheria ilianza kufundishwa Dar mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na mpaka siku ile sisi darasani tulikuwa na Kiingereza chetu tu.

Akaomba mtu wa kuwa shahidi. Nikajitolea.

"Mwanangu, jana ulirudi bwenini usiku, umechoka, ukamkuta mwenzako amelala kitandani kwako ukamtukana, siyo?"

"Hapana."

"Hapana ipi? Hukurudi, hukuchoka, hukumkuta, au hukumtukana?"

Jopo zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka mama yangu.

Mwaka 2014 mama alisimama mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba kwa ajili ya kiwanja chetu cha Mbagala. Wakili wa upande wa pili akamuuliza: "Mama, kiwanja ulinunua, ukakiacha bila alama, na ulijua jirani anakilima, ndiyo au hapana?" Mama, kwa kuwa kweli alinunua, akasema ndiyo. Ile ndiyo ikabeba yote matatu. Wakili wetu alikuwa anapekua faili lake. Angesimama tu, akaomba swali ligawanywe. Hakusimama. Tukashindwa. Mama husema mpaka leo: "Nilisema kweli, wakanishinda kwa kweli yangu." Mimi nilikwenda kusoma sheria kwa sababu ya siku ile.

Yule mama wakili akatueleza taratibu. Swali moja, jambo moja. Shahidi wako usimtilie maneno mdomoni. Wa mwenzako waweza kumwongoza, lakini hatua kwa hatua, kama unayemvusha mtu mtoni. Na jibu lisikilize, maana ukiyaganda maswali uliyoandika nyumbani, jibu litakupita.

Ikaja kura. Wawili huku, wawili kule. Mwenyekiti, mzee wetu, akanigeukia: "Haya mwanangu, wanaofundishwa ni nyinyi. Sema."

Ndugu msomaji, nilijua. Nilijua kabisa! Lakini nikaiona ndege, nikawaona washikaji bwenini. Nikasema: "Yule wa kwanza, Profesa."

Sisemi alikuwa mwalimu mbaya. Kombe moja lilikuja, liko kabatini. Kwenye timu, mimi sikuchaguliwa.

Mwaka jana niliapishwa uwakili. Katika kesi yangu ya kwanza nilipata shahidi mzee, kanzu safi, mikono inatetemeka kidogo. Nikasimama, nikakohoa, nikamrushia swali moja lenye mambo matatu ndani. Mzee akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Uso ule niliujua. Niliuona Baraza la Ardhi, mwaka 2014.

Hakimu akasema: "Wakili, gawanya swali."

Nikaligawanya. Jasho linanitoka, nikauliza la kwanza, nikanyamaza, nikasikiliza.

Basi nawe kijana mwenzangu, siku moja watakuweka kwenye jopo kama lile, wamchague mtu wa kufundisha wengine. Usimuulize amefika wapi. Mpe shahidi amhoji, nawe utazame uso wa shahidi.

Mama bado hajui habari ya kura ile. Gazeti hili nitampelekea mwenyewe.