Tulishika Taa

Tulipoambiwa kwamba kila mtu anayehudumia wagonjwa katika kituo chetu cha afya sharti afuate mafunzo ya kujikinga na sida, tulicheka kidogo. Sisi ni katekista. Kazi yetu pale ni kusali na wagonjwa, na kushika taa usiku umeme unapokosa. Lakini amri ilikuwa kwa wote: wauguzi, wakunga, wafagiaji, na sisi.

Mfundishaji alianza na habari ya Yambuku. Mwaka 1976, katika hospitali ile ya misioni, sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi kwa wagonjwa. Ebola ilipoingia, watu 280 walikufa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali walikufa 11. Tena damu ya watu 659 wa nchi zile, iliyotwaliwa mwaka uleule, ilipopimwa baadaye ilionekana kwamba watano walikuwa tayari na virusi vya sida. Wakati ule ugonjwa huo haukuwa hata na jina. Hapo tuliacha kucheka.

Funzo lenyewe ni hili: damu ya kila mtu ihesabiwe kuwa na ugonjwa, ya chifu na ya padri pia. Twaungama kwamba zamani tulikuwa tukimnong'oneza mfagiaji kitanda cha kuogopa. Kumbe mgonjwa tuliyemwaibisha hivyo hakuzidi kuwa wa hatari kuliko jirani yake ambaye hakuna aliyempima!

Miezi mitatu ikapita. Usiku mmoja, baada ya kuzalisha, mkunga wetu alirudisha kifuniko cha sindano kwa mikono miwili, jambo tulilokatazwa wote, akajichoma kidole. Aliosha kwa maji na sabuni, kisha akatutazama.

«Mwalimu, usimwambie mtu.»

«Mama, hatutasema. Lakini wewe mwenyewe utasema kwa muganga, na tutakwenda pamoja.»

Alikataa, akilia. Aliogopa mumewe, aliogopa zaidi midomo ya wenzake. Tulimkumbusha tuliyofundishwa: kati ya watu 1000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa sida, yapata 3 huambukizwa; lakini dawa ya kukinga sharti ianze mbele ya saa 72, na kila saa inayopotea ni hasara. Kulipopambazuka tulimpakia kwenye baisikeli mpaka hospitali kubwa.

Alimeza vidonge siku zote 28, akitapika asubuhi hata mumewe akafurahi, akidhani ni mimba. Ndipo alipomwambia kweli. Vipimo vyote, hata vya mwisho, havikuonyesha ugonjwa.

Sanduku gumu la kutupia sindano lilikuwapo usiku ule, karibu na mguu wetu. Mwanga wa taa haukulifikia. Sasa tunaliweka mezani kwanza, ndipo tunawasha taa.