Mkaaji wa Tundu la Jiwe, Jambiani

Ukifika Jambiani, mashariki ya kisiwa cha Unguja, wakati wa bamvua, utaona maji yamekimbia mpaka karibu na mwamba. Na pale palipokuwa bahari alfajiri, sasa wapita wanawake na vikapu vyao. Nilikwenda huko na mpwa wangu, mtoto wa miaka 12, kwa nia ya kutembea tu.

Tulipita mashamba ya mwani tukaingia kwenye mawe. Mpwa wangu akaona tundu la duara katika jiwe, na mbele yake vipande vya magamba ya konokono na kaa. Akainama atie kidole. Bibi mmoja aliyekuwa akitafuta pweza alimvuta mkono kwa nguvu, nusura amwangushe. "Mjukuu wangu, huyo habishiwi hodi," alisema. Kisha akatia kijiti chake tunduni, tukasikia "ta!" kama jiwe lililogongwa kwa nyundo.

Aliyemo humo ni jamaa ya kamba, mwenye rangi ya kijani kibivu, urefu wake kiasi cha sentimita 10, na mikono ameikunja kifuani kama vunjajungu. Wataalamu humwita Gonodactylus chiragra, jina alilopewa na Fabricius wa Denmark mwaka 1781. Neno la pili maana yake ni jongo la mkono, kwa kuwa shina la kidole chake limevimba mithili ya mgonjwa wa jongo. Lakini uvimbe huo ndio rungu lake!

Namna anavyopiga ni jambo la ajabu. Misuli hukaza polepole kipande cha gamba kilicho kama tandiko dogo, nacho huzuiliwa kwa komeo. Komeo likifunguka, mkono hutoka kama mshale upindeni. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, walipima pigo la jamaa yake mwenye rangi za tausi, wakaona lafika mita 23 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo maji hupasuka yakafanya povu, na povu likivunjika hupiga tena. Konokono apata mapigo mawili kwa mkono mmoja.

Kabila hili laenea kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Australia na visiwa vya Pasifiki, popote penye matumbawe ya maji machache. Mali yake kubwa ni nyumba. Humo jike hulinda mayai yake, na humo hujificha anapojivua gamba, mwili ukiwa laini. Adui akija, huziba mlango kwa mkia wake mgumu.

Yule bibi alipindua jiwe jingine, hakupata pweza, akalirudisha kama lilivyokuwa. Nikamwuliza sababu.

"Likiachwa tumbo juu, vya chini vyote hufa kwa jua. Mwezi ujao pweza atafuata nini hapa?"

Alinionyesha mawe mengi yaliyoachwa yamepinduka, mengine yamevunjwa kwa vyuma, meupe kama mifupa. Mengine tuliyageuza pamoja, mimi na kanzu yangu iliyolowa, mpaka maji yalipotufika magotini. Mpwa wangu alisaidia pia, ila kila mara alitangulia kuchungulia chini ya jiwe kabla ya kulishika.