Mgeni wa Mgongoni mwa Kasa

Faza, mji mkongwe wa kaskazini mwa kisiwa cha Pate, huendewa kwa kufuata maji: yakijaa chombo hutia nanga, yakipwa hungoja. Hapo pwani tulimwona kasa aliyenasuliwa wavuni, mgongoni amegandwa na vijiganda vyeupe.

Wengi huvidhania chaza. La, ndani ya kila kimoja mna mnyama, jamaa wa kaa na kamba. Alama yake ni vipande sita vilivyokutana mfano wa nyota. Wataalamu humwita Chelonibia testudinaria. Linnaeus alimwandika mwaka 1758.

Uchangani huelea baharini. Akimpata kasa hujigandisha, kichwa chini, akachota riziki majini kwa miguu yake, bila ya kumnyonya mwenyeji wake. Ndipo akaenea Bahari ya Hindi, Pasifiki na Atlantiki, popote kasa waendapo katika maji ya uvuguvugu.

Basi, enyi mama zetu, nyama ya kasa ikiletwa jikoni, ikataeni. Sheria ya Kenya inakataza kumuua, na Mola hakuumba kitu bure. Kasa achinjwapo hafi peke yake.