Saa Moja ya Wapi?

Mapishi mengi ya intaneti yameandikwa na watu wasiojua maji yako yanachemka vipi. Ya kwangu huchemka mapema. Kangemi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kwa hivyo ukisoma mahali ati maharagwe yanaiva kwa saa moja, uliza kwanza: saa moja ya wapi? Ya kwangu huchukua karibu mbili, hata baada ya kulala majini usiku kucha, na gesi ya meko haimngoji mtu.

Nilianza kuuliza maswali haya baba alipokuja kukaa nami mwaka jana. Presha ilikuwa imempanda, na kliniki ikamwambia apunguze chumvi. Walimwambia cha kuacha. Cha kupika wakaniachia mimi. Mimi kazi yangu ni kuandika makala za watu kwa kompyuta. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo karibu kila kitu ninachojua nimejifunza kwa simu. Kupika nako nikaona ni vile vile: bando na sufuria, basi.

Baba ni mtu wa Vihiga. Kwake mboga ni mrenda, hizo zingine ni majani. Soko la Kangemi halikosi mrenda. Waluhya tumejaa huku, na akina mama huuza mafungu yake kando ya kunde, managu, sagaa na mito. Mboga haikuwa shida. Shida ilikuwa kijiko kimoja. Video baada ya video zilisema: weka magadi kijiko kimoja, mboga ilainike. Nyingine zikaongeza kwamba ukishaweka magadi huhitaji chumvi, kwa hivyo hiyo ni mboga safi kwa wazee wa presha. Sasa, magadi ni sodiamu. Chumvi ya mezani nayo ina sodiamu, na hiyo sodiamu ndiyo daktari anayoikimbiza. Umetoa mwizi kwa mlango, ukamrudisha kwa dirisha.

Nikampigia mama.

"Mama, kwani sisi huweka magadi?"

"Magadi ya nini? Si kuna musherekha."

Musherekha ni maji ya jivu. Unachoma mabua makavu ya maharagwe au maganda ya ndizi, jivu unaliweka kwenye chombo chenye matundu, unamwagia maji, na yanayochuja ndiyo hayo.

"Kiasi gani?"

"Mpaka mboga iteleze, mwanangu."

Jivu la mimea lina potasiamu nyingi, na hiyo nayo si ya kuchezea. Niliuliza kliniki kabla ya kupika. Wakaangalia vipimo vya figo za baba, wakasema kidogo ni sawa kwake. Mwenye shida ya figo asijaribu bila kuuliza. Video hata moja haikuwa imetaja figo.

Najua pia haya maandishi hutoka wapi. Jirani yangu wa ploti hulipwa kwa kuhesabiwa maneno, akiandikia tovuti za ng'ambo mapishi ya keki. Chumba chake hakina oveni. Simlaumu, landlord hataki hadithi. Lakini siku hizi nikisoma resipe natafuta alama za mtu aliyesimama jikoni: anapima kwa gramu au kwa chombo ninachokijua, anasema alitumia moto gani, anasema chakula kikiharibika kinakaa vipi. Ndiyo maana nilifurahia kitabu cha mapishi ya Kenya kilichotolewa mwaka wa 2018 na serikali pamoja na FAO. Kiko bure kwenye mtandao. Viungo vimeandikwa kwa uzito, na kila chakula kimeonyeshwa virutubishi vyake. Hakina mbwembwe, ila mtu alipima.

Mama alipokuja kumwona baba mwezi wa nane, nilimwomba kitu kimoja tu: kabla ya kumimina musherekha kwenye sufuria, amimine kwenye kikombe. Alicheka, lakini akakubali. Nikapima: vijiko vitatu vya mezani kwa mafungu mawili. Kesho yake, vitatu tena. Siku ya tatu ilikuwa vitatu na nusu, na mrenda wa siku hiyo kweli ulikuwa umekomaa zaidi. Mkono wake ulikuwa na kipimo miaka hiyo yote, hakuna aliyekuwa amekiandika.

Sasa kiko kwa simu yangu: mrenda, Kangemi, meko, sufuria bila kifuniko, vijiko vitatu. Na juu kabisa, kabla ya viungo, onyo la figo.