Jina la Chura na Fungu la Maji

Sisi wakazi wa Nduruma hatuhitaji kufundishwa maana ya zamu ya maji. Mto wetu unashuka kutoka Mlima Meru, na kabla haujafika huku chini tambarare umekwisha kukingwa na kugawanywa katika mifereji mingi. Mwenye shamba anaijua siku yake na saa zake. Anajua pia kwamba asiyetambuliwa na kamati ya mfereji hana zamu. Shamba lake linaweza kupasuka nyufa kwa ukame, lakini maji yatampita yakienda kwa mwenye jina.

Ndiyo maana habari ya chura wa Kihansi, ambayo wengi waliicheka, mimi sikuiona kuwa kichekesho. Kihansi ni mbali na kwetu, huko kusini kwenye milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro. Hata hivyo kisa chenyewe tunakijua vizuri: ni kisa cha mtumiaji wa maji ambaye jina lake halikuwamo wakati mgawo ulipopangwa.

Mto Kihansi unatoka nyanda za juu na kuanguka katika korongo refu ukielekea bonde la Kilombero. Pale maji yalipopiga mwamba, manyunyu yalitanda usiku na mchana, mwaka mzima, yakalowesha majani na kuvu za miambani. Katika eneo hilo dogo, la hekta chache tu, aliishi chura wa rangi ya manjano ambaye jike lake halifiki sentimita tatu, na dume ni dogo zaidi. Hapakuwa na mahali pengine popote duniani alipopatikana.

Darasani tulizoea kueleza kwamba chura hutaga mayai majini, mayai yakawa viluwiluwi, na viluwiluwi wakaota miguu. Kwa vyura walio wengi ndivyo ilivyo. Huyu wa Kihansi hupitisha hatua hizo zote tumboni mwa mama, kisha mama akazaa watoto waliokwisha kukamilika. Basi hahitaji dimbwi la kulelea watoto. Anachohitaji ni hewa yenye manyunyu yasiyokatika. Mwondolee manyunyu, umemwondolea nyumba, hata kama mto bado unapita chini yake.

Ukoo wake una historia ndefu ya kutafutiwa mahali pa kukaa katika vitabu. Mwaka 1905 Mjerumani Gustav Tornier alieleza habari za chura wa nchi yetu anayezaa, akamweka katika jenasi Pseudophryne, ambayo ni ya vyura wa Australia. Mwaka 1926 Mmarekani G. K. Noble akaunda jenasi mpya, Nectophrynoides, kwa ajili ya vyura wa namna hiyo. Baadaye waliingizwa humo pia vyura wa Ethiopia na wa Mlima Nimba, Afrika Magharibi, kisha wakatolewa na kupewa jenasi zao wenyewe. Waliobaki, spishi zaidi ya kumi, wote ni wa Tanzania peke yake. Mwanafunzi mvivu atasema hayo ni mabishano ya wasomi juu ya majina. Lakini bila mabishano hayo tusingejua kwamba tumekabidhiwa ukoo mzima ambao hauko kwa mtu mwingine.

Chura wa Kihansi alionekana mwaka 1996, wakati kazi ya kujenga bwawa la umeme imekwisha kuanza. J. C. Poynton na wenzake, akiwamo Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakamwandika kuwa spishi mpya, Nectophrynoides asperginis. Neno hilo la pili linatokana na Kilatini, na maana yake ni ya manyunyu. Jina likawa pia anwani yake.

Mitambo ilipoanza kufanya kazi, maji mengi ya mto, karibu sehemu tisa katika kumi, yaligeuzwa kwenda kuzalisha umeme, megawati 180. Manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko. Vyura wakaongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 wakapungua ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani ukagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wametoweka. Mwaka uliofuata vyura 100 wa kizazi cha ughaibuni walirudishwa Dar es Salaam kulelewa chuoni, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni.

Watu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: je, mama ajifungue gizani ili chura apate manyunyu? Swali hilo si la kupuuzwa na mtu aliyekwisha kuona zahanati isiyo na taa. Lakini linadhani kwamba chura aliomba mto wote. Fungu alilohitaji lilikuwa dogo, nalo lingeweza kuhesabiwa tangu mwanzo kama angejulikana kabla ya ramani kuchorwa. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 imeweka mahitaji ya msingi ya binadamu kwanza, na mazingira yakafuata mara moja baada yake. Huo ni mpangilio wa haki. Ugumu wake ni kwamba huwezi kumtengea fungu usiyemjua.

Wala sisemi kwamba jina peke yake liliokoa. Chura alikuwa na jina wakati alipotoweka porini. Lakini kwa sababu alikuwa na jina, kulikuwa na waliomhesabu, waliojua siku alipopungua, na waliokuwa na mbegu yake ya kurudisha. Asiye na jina hufa bila msiba.

Pembeni mwa mifereji yetu, masika yanapoingia, vyura huimba kwa sauti mbalimbali, na mtoto wa hapa huwaita wote kwa neno moja: chura. Wakubwa tunapokutana kupanga mgawo wa maji, tunahesabu mahindi, maharage, ng'ombe na maua. Ningependa walimu wa shule zetu wawapeleke wanafunzi mferejini na daftari, waandike ni sauti ngapi wanazosikia na kila moja inatoka wapi. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji ifanyike mapema, kabla mtu mwingine hajaja na ramani yake.