Gari la Marehemu Mume Wangu
Marehemu mume wangu aliniachia Range Rover ya mwaka 1985, yenye injini ya petroli ya silinda 8. Wapenzi wasomaji, raha yake siikani: springi zake laini humeza mashimo, na ukiketi usukanini waiona njia kama aliye barazani. Lakini kutoka Kampala hadi Masaka, kilomita zipatazo 130, nilipima: lita 26 zilikwisha. Kurudi, lita 26 nyingine. Fedha hizo ni madaftari na sare za watoto. Nikajifunza kwenda polepole, kutofunga breki ovyo na kuangalia upepo wa magurudumu. Nikaokoa lita 3 tu. Hazikutosha. Mwezi ujao nitaliuza. Mume wangu alilipenda gari lake. Watoto wake aliwapenda zaidi.